Picha Inalala kwa Nani?

Leo zamu ya insha ni yangu. Nimechagua historia ya kitu kidogo ambacho wengi hatukiwazi: zile picha zinazowekwa kwenye maelekezo ya programu za simu na kompyuta. Msikimbie bado. Najua mtasema hiyo ni mambo ya mafundi. Lakini naanza na mama mmoja na sanduku la akiba, na hapo mtaona kwa nini nimeichagua.

Mwaka jana kikundi chetu kilitengeneza programu ndogo ya simu kwa ajili ya vikundi vya akiba. Mnavijua vile vikundi. Kila wiki kila mama analeta hisa yake, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Programu yetu ilikuwa inaandika hisa, mikopo na faini, basi. Pamoja nayo tuliandika maelekezo, ukurasa mmoja mrefu wenye picha 31 za skrini. Kila picha ilikuwa na mshale mwekundu: bonyeza hapa, kisha hapa. Tulifanya hivyo makusudi. Makatibu wa vikundi wengine wanasoma Kifaransa, wengine Kinyarwanda, wengine wanasoma namba tu. Ila mshale mwekundu kila mtu anausoma.

Asubuhi moja, katibu wa kikundi kimoja akanipigia simu.

"Mwanangu, ile karatasi yenu imejaa vibox vitupu. Sasa nabonyeza wapi?"

"Mama, nisubiri kidogo, naangalia."

Nikafungua. Kweli, maneno yote yalikuwepo, picha hata moja haikuwepo. Palikuwa na sentensi inasema "bonyeza kitufe unachokiona hapa chini", na hapo chini hakuna kitu. Picha zote 31 zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti moja ya kuhifadhi picha bure, bila akaunti, kwa sababu siku ile tulitaka kumaliza kabla betri haijaisha. Tovuti ile ilibadilisha masharti yake. Sisi hatukuwa na akaunti, kwa hiyo hata kama taarifa ilitumwa, ingetumwa kwa nani?

Mama alirudi kwenye daftari. Wiki tatu akaandika mkopo wa mtu mmoja kwenye safu ya hisa. Siku ya kugawana ukatokea ugomvi wa shilingi 40,000, na watu wawili wanaoishi mlango kwa mlango wakaacha kusalimiana. Walipatana baadaye, tunashukuru Mungu. Lakini mimi nilikaa na swali moja: kwani picha tunayoiona kwenye ukurasa huwa inakaa wapi? Nikaanza kusoma. Hiki ndicho nilichokipata.

Mwaka 1993: picha inapewa anwani

Tim Berners-Lee alipoanzisha mtandao wa kurasa kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, kurasa zake zilikuwa za maneno na viungo. Ukitaka picha, ulibonyeza kiungo na picha ikafunguka peke yake, mbali na maneno.

Tarehe 25 Februari 1993, kijana mmoja aliyeitwa Marc Andreessen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliwaandikia wenzake pendekezo. Alikuwa anashiriki kutengeneza programu ya kufungulia kurasa iliyoitwa Mosaic. Alitaka alama mpya, IMG, ambayo ingeonyesha picha ndani ya ukurasa, katikati ya maneno. Wengine, Berners-Lee mwenyewe akiwemo, walikuwa na mawazo ya njia nyingine. Mjadala ukaendelea, lakini Mosaic ikatoka mwaka huohuo ikiwa na IMG, watu wakaipenda, mambo yakaishia hapo. Mpaka leo tunatumia alama hiyohiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana shida yetu yote iko hapa. Alama ile haibebi picha. Inabeba anwani ya picha. Ukifungua ukurasa, simu yako inasoma maneno, inakuta anwani, halafu inatoka yenyewe kwenda kuichukua picha huko iliko. Inaweza kuwa kwenye kompyuta ileile yenye ukurasa, au kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa, nchi nyingine. Wewe msomaji hujui. Unaona maneno na picha pamoja, unafikiri ni nyumba moja. Kumbe picha inalala kwa jirani, inakuja tu mchana kukaa barazani kwako.

Ilijulikana kwamba picha inaweza isifike. Kwa hiyo kukawa na sehemu ya kuandika maneno machache badala ya picha, inaitwa ALT, na ilikuwemo katika kanuni za HTML za mwaka 1995. Picha ikikosekana, maneno yanaonekana. Pia mtu asiyeona husomewa maneno hayo na simu yake. Sisi kwenye picha zetu 31 tuliacha sehemu hiyo wazi yote. Tulisema tutajaza baadaye.

Hata aina ya picha ina mwenyewe

Kabla sijaendelea na nyumba za picha, niseme kidogo kuhusu picha yenyewe. Miaka ile picha nyingi za kurasa zilikuwa za aina ya GIF, iliyotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. Watu waliitumia wakidhani ni ya bure kwa wote. Mwishoni mwa Desemba 1994 ikatangazwa kwamba njia ya kubana picha iliyo ndani ya GIF ina hataza, na mwenye hataza ni kampuni ya Unisys. Watengenezaji wa programu zinazotumia GIF wakaambiwa walipie leseni.

Mafundi wakakasirika sana. Lakini hawakuishia kulalamika. Mwanzoni mwa 1995 watu wa nchi mbalimbali wakaanza kubuni aina mpya isiyo na mwenye kudai malipo. Ikaitwa PNG, na Oktoba 1996 ikawa pendekezo rasmi la shirika la W3C, linalosimamia kanuni za mtandao. Hataza ya GIF kule Marekani iliisha mwaka 2003, lakini wakati huo PNG ilikuwa tayari imeshika nafasi.

Ukipiga picha ya skrini kwenye simu yako leo, mara nyingi inatoka ikiwa PNG. Inafaa kwa maelekezo kwa sababu haiharibu herufi: maneno na mistari hubaki makali. JPEG inafaa zaidi kwa nyuso za watu na mandhari, ila ikibanwa sana herufi ndogo zinakuwa na ukungu. Basi tayari tunaona somo la kwanza. Kitu cha bure kinaweza kuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaweza kujitokeza baada ya miaka 7.

Nyumba za bure

Turudi kwenye swali la picha inalala wapi. Katika miaka ya 1990 mtu wa kawaida hakuwa na kompyuta ya kuweka kurasa zake saa 24. Zikaja huduma za bure. Inayokumbukwa zaidi ni GeoCities, iliyoanza mwaka 1994. Ilimpa mtu nafasi ndogo bila malipo, na gharama zikalipwa na matangazo. Mamilioni ya watu wakajenga kurasa zao hapo. Wengi wao hawakuwa mafundi hata kidogo.

Nafasi ilikuwa ndogo, na picha ni nzito kuliko maneno. Watu wakagundua ujanja: usiweke picha kwako, andika tu anwani ya picha ya mtu mwingine. Ukurasa wako unapendeza, na yeye ndiye analipia kila mara picha inapochukuliwa. Wenye picha walipogundua, wengine walizuia, wengine walibadilisha picha wakaweka ya aibu, na aibu ikaonekana kwenye ukurasa wa yule mwizi. Naambiwa mpaka leo wapo wanaofanya hivyo. Mimi siwalaumu.

Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999. Miaka 10 baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, ikaifunga, isipokuwa ile ya Japani iliyoendelea hadi 2019. Watu wa kujitolea walikimbizana na muda kunakili kurasa kabla hazijazimwa. Wakaokoa nyingi, lakini hawakuokoa zote.

Mtu mwingine aliyeliona tatizo hili mapema ni Brewster Kahle. Mwaka 1996 alianzisha Internet Archive huko San Francisco, maktaba ya kuhifadhi kurasa za mtandao, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuingia na kutazama ukurasa ulivyokuwa zamani. Mimi nilipopoteza zile picha 31, nilikimbilia huko. Nilikuta ukurasa wetu umehifadhiwa, na picha 4 tu. Maktaba ile huhifadhi kile ilichokifikia, na ukurasa mdogo wa watu wa kambini haukutembelewa mara nyingi. Nne ni bora kuliko sifuri, lakini mama hawezi kujifunza hatua 31 kwa picha 4.

Maghala ya picha

Miaka ya 2000 zikaja tovuti zenye kazi moja tu: kuhifadhi picha. Photobucket na ImageShack zilianza mwaka 2003. Flickr ilianza 2004 huko Vancouver, Kanada. Mwaka 2009 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio, Alan Schaaf, akaanzisha Imgur, kwa kuwa aliona maghala yaliyokuwepo yanasumbua. Ya kwake ilikuwa rahisi: weka picha, chukua anwani, ondoka. Hata akaunti haikuhitajika.

Waandishi wa maelekezo ya programu wakayapenda sana maghala haya. Fikiria fundi anayejitolea. Ameandika programu usiku baada ya kazi, anataka kuonyesha inavyofanana. Anapiga picha ya skrini, anaitupa kwenye ghala, ananakili anwani, anaibandika kwenye maelekezo. Dakika moja imetosha. Maelfu kwa maelfu walifanya hivyo. Kurasa za kufundisha jinsi ya kurekebisha redio, gari, kompyuta, zote zilikuwa na picha zinazolala kwenye maghala ya watu.

Halafu ikaja Juni 2017. Photobucket ikabadilisha masharti: kuanzia sasa, anayetaka picha zake zionekane kwenye kurasa za tovuti nyingine atalipa dola 399.99 kwa mwaka. Picha zilizokuwa zimetapakaa mtandaoni kwa zaidi ya miaka 10 zikageuka kibao kimoja cha tangazo kinachomwambia mwenyewe alipie. Ukifungua ukurasa wa kufundisha hatua kwa hatua, kila hatua ina kibao kilekile. Watu walipiga kelele sana. Mwaka uliofuata kampuni ililegeza, ikashusha bei. Lakini waandishi wengi walikuwa wameshaondoka, na wengine walikuwa wameshafariki au wamesahau nywila. Nani angewarudishia picha?

Flickr ilifuata kwa njia yake. Mwaka 2013 ilikuwa imetoa nafasi ya terabaiti 1 bure kwa kila mtu, nafasi kubwa mno. Novemba 2018, ikiwa chini ya mmiliki mpya, ikatangaza kwamba akaunti ya bure itabaki na picha na video 1,000 tu, zinazozidi zitafutwa mwaka unaofuata. Na Aprili 2023 Imgur nayo ikatangaza masharti mapya yanayoanza tarehe 15 Mei: picha za zamani zisizotumika na zisizofungwa kwenye akaunti yoyote zitaondolewa. Ule urahisi wa kutokuwa na akaunti, uliowavuta watu mwaka 2009, ndio uliowaacha bila mtetezi mwaka 2023.

Vijana wenzangu, hapa msinielewe vibaya. Sisemi wenye maghala ni watu wabaya. Diski inanunuliwa, umeme unalipiwa, mafundi wanalipwa. Picha inayochukuliwa mara milioni moja ina gharama mara milioni moja. Bure ni neno la mgeni. Kwa mwenyeji hakuna bure, kuna anayelipa kwa sasa. Siku anayelipa akichoka au akiuza nyumba, mgeni ndiye anakuwa wa mwisho kuambiwa.

Mafundi nao walihamishwa

Mnaweza kufikiri mafundi wenyewe walikuwa salama. Hata! Miradi yao pia imehama-hama kama sisi.

Novemba 1999 ilianza SourceForge, mahali ambapo mradi wa programu huria ungeweza kuweka kazi yake yote bila malipo. Mwaka 2006 Google nayo ikafungua Google Code kwa kazi hiyohiyo. Watu wakasema, hii ni Google, haiwezi kuondoka. Machi 2015 Google ikatangaza kuifunga. Agosti mwaka huo ikawa ya kusoma tu, na Januari 2016 ikafungwa. Haki isemwe: walitoa muda, walitoa vyombo vya kuhamisha miradi, na waliweka nakala za kumbukumbu. Lakini anwani zote za picha zilizoandikwa kwa jina la nyumba ya zamani zilihitaji mtu wa kuzibadilisha moja moja. Mradi ambao mwenyewe alishaacha kuushughulikia haukuwa na mtu huyo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Git. Mafundi wanaotengeneza Linux, mfumo ambao ndio msingi wa simu zetu za Android, walikuwa wakitumia programu ya kampuni moja, BitKeeper, kutunza historia ya kazi yao. Waliruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa chini mwezi wa Aprili akaanza kuandika chombo chake mwenyewe. Ndicho Git.

Tazameni alichokifanya. Katika mifumo mingi ya zamani, historia nzima ya mradi ilikaa kwenye kompyuta moja ya katikati, na wengine walichukua kipande cha kufanyia kazi. Katika Git, kila anayenakili mradi anapata historia nzima: mafaili yote, mabadiliko yote tangu siku ya kwanza. Kompyuta ya katikati ikiungua, yeyote mwenye nakala anaweza kuusimamisha mradi upya. Mtu aliyenyang'anywa mahali pa kuhifadhi alitengeneza chombo ambacho kinamfanya kila mgeni awe mwenyeji.

GitHub ilifunguliwa kwa wote mwaka 2008 juu ya msingi huo wa Git, na leo ndipo miradi mingi ilipo. Maelekezo mengi huandikwa kwa Markdown, mtindo rahisi uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambapo picha huwekwa kwa alama ya mshangao, maneno ndani ya mabano, na anwani. Mwaka 2013 GitHub ikawezesha jambo dogo lenye maana kubwa: katika maelekezo unaweza kuandika anwani fupi, inayosema tu "iko kwenye folda hii ya mradi", bila jina la tovuti yoyote. Maana yake picha inalala nyumba moja na maneno. Mradi ukinakiliwa, picha zinakwenda nao. Mradi ukihamia tovuti nyingine, anwani ile fupi bado inafanya kazi.

Ila kuna mtego. Tangu mwishoni mwa 2012 unaweza pia kuburuta picha na kuidondosha kwenye kisanduku cha mazungumzo cha GitHub, nayo inakupa anwani papo hapo. Watu wengi wanaichukua anwani hiyo na kuibandika kwenye maelekezo. Inaonekana iko kwenye mradi, lakini haimo. Imehifadhiwa pembeni, kwa mwenye tovuti. Anayenakili mradi anapata maneno bila picha. Ni yaleyale ya mwaka 1993, yamevaa shati jipya.

Uzito wa mzigo

Basi kwa nini watu wote hawaweki picha ndani ya mradi? Kwa sababu mzigo una uzito, na sisi tunaonunua bando la siku tunalijua hilo kuliko watu wa mjini.

Git haisahau. Ukibadilisha picha mara 10, zote 10 zinabaki kwenye historia, na anayenakili mradi mzima anazibeba zote. GitHub yenyewe hukataa faili lolote linalozidi MB 100. Mwaka 2015 ilileta njia ya kuweka mafaili makubwa kando, Git LFS, ambayo ndani ya mradi inaacha karatasi ndogo tu yenye kusema faili liko wapi. Inasaidia miradi mikubwa, lakini mnaona wenyewe: tumerudi kwenye kubeba anwani badala ya kitu. Miradi mingine hutenga picha kwenye ghala lao la pili, wanalolimiliki wenyewe, ili kodi ya programu ibaki nyepesi.

Kwa mradi mdogo kama wetu, jibu ni rahisi zaidi. Punguza uzito, halafu beba. Tulipiga upya picha zote 31. Tukakata sehemu zisizohitajika, maana kwa nini mtu alipie MB kuona saa na betri ya simu yangu? Picha zilikuwa na jumla ya MB 19, zikashuka zikawa chini ya MB 3. Tukaziweka kwenye folda ya mradi, na kila moja tukaiandikia maneno yake: "Kitufe cha kijani cha kuongeza hisa, upande wa chini kulia."

Faida nyingine hatukuitarajia. Kwa vile sasa maneno na picha viko kwenye folda moja, tunaweza kuvipeleka kwa kadi ya kumbukumbu, kutoka simu hadi simu, bila intaneti kabisa. Katibu mmoja wa kule ng'ambo ya kilima, ambako mtandao unashika ukipanda juu ya kichuguu, alifungua maelekezo yote, picha zote, akiwa ndani ya nyumba yake. Zamani asingeweza, hata kabla picha hazijafutwa.

Albamu ya mama yangu

Nimalizie na kitu cha nyumbani. Tulipoondoka kule kwetu Kivu, mama yangu alikuwa na albamu ya picha. Ndoa yake, ubatizo wetu, babu akiwa kijana na baiskeli. Aliwaza: njiani kuna mvua, kuna mto, hii itaharibika. Akaiacha kwa jirani mwenye nyumba ya mabati na kabati lenye ufunguo. Jirani alikuwa mtu mwema, alimwambia, "Mama, hapa iko salama kuliko kwako." Na ilikuwa kweli, siku ile.

Miezi michache baadaye jirani naye alikimbia. Hakuiba albamu. Hakusahau ahadi. Alibeba watoto wake, kama mama alivyobeba sisi. Leo katika familia yetu imebaki picha moja tu, ile ambayo mama alikuwa ameikunja ndani ya kitambulisho chake. Ina mkunjo katikati unaopita kwenye bega la babu. Hiyo ndiyo tunayo.

Kwa Kiswahili tunasema kuhifadhi picha, na tunasema kuomba hifadhi. Neno ni moja. Sisi wa hapa tunajua pande zake zote mbili: tunashukuru aliyetupa hifadhi, na tunajua pia kwamba makaratasi yako muhimu hulali mbali nayo.

Nilichojifunza kutoka 1993 mpaka 2023 ni hiki. Ghala la mtu litumie, ni msaada, lakini liwe na nakala tu. Picha ambayo mtu anaitegemea ili asipoteze pesa yake, ikae pamoja na maneno yake, iwe nyepesi kubebeka, iwe na maelezo ya kumsaidia mtu siku isipoonekana, na iwe kwa watu zaidi ya mmoja. Sisi sasa nakala ziko kwenye simu tano za kikundi, na kwenye kadi moja aliyonayo yule mama katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Alisema mwenyewe, "Mwanangu, hii nayo ni akiba."

Juzi mdogo wangu mmoja wa kikundi aliniuliza, "Yaya, na ile tovuti ya bure tuiache kabisa?" Nikamwambia hapana, bado tunaweka hapo picha za mpira wa Jumapili. Zikipotea, tutacheza tena Jumapili ijayo.

Wenye maelekezo yenu mtandaoni, ya ushonaji, ya kilimo, ya kutengeneza simu, fungueni leo muangalie picha zenu zinalala kwa nani. Ukikuta kibox kitupu, niandikie, tutasaidiana kuzirudisha.